Ndege ya Wajir na Kivuli cha Aabo

Ndege ndogo ikipita juu ya bati la nyumba yangu hapa Garissa, mngurumo wake hunirudisha kwenye malisho yetu nje ya Wajir. Juzi mjukuu wangu aliiuliza simu Nairobi na Wajir ziko mbali kiasi gani kwa ndege. Ikamjibu kabla sijameza mate. Zamani, wenzangu, jibu hilo lilitafutwa.

Baba yangu, niliyemwita Aabo, alilitafuta kwa miguu. Hakujua kusoma. Alisimama juani, akatia alama kivuli chake kilipoishia, kisha akakipima kwa nyayo, kisigino mbele ya kidole. Ndege ya madaktari ikitoka Nairobi saa moja asubuhi, ilitua Wajir kivuli cha Aabo kikiwa nyayo tisa, yaani karibu saa tatu. Alikuwa ameipima mara nyingi alipopeleka ngamia sokoni.

Mwaka mmoja jicho moja la Ayeyo, mama yake Aabo, lilikuwa limekufa, na la pili limeanza kuuma. Ndege ingechukua wagonjwa na kuondoka papo hapo. Tulipaswa kuiwahi.

Nami nilikuwa kidato cha kwanza, nina atlasi. Nikaweka rula kwenye ramani, nikapiga hesabu, nikatangaza mbele ya majirani: haifiki kabla ya saa nne na nusu.

"Nyayo zangu zinasema mapema," Aabo alisema.

"Nyayo si kipimo, Aabo. Ndege si ngamia."

Jirani mmoja akaangua kicheko. "Wallahi, mzee, leo umepelekwa shule!"

Asubuhi nilimwona akipima kivuli tena. Kisha akasema, "Mwacheni Ayeyo amalize chai. Kijana amesoma."

Tulikuwa tumefika ukingoni mwa mji, Ayeyo juu ya ngamia, ndege ilipopaa juu yetu. Ayeyo akainua uso.

"Ndiyo inakuja?"

"Inaondoka, Hooyo," Aabo alimjibu mama yake. "Ni mimi. Nilichelewa kupakia ngamia."

Ndege nyingine ilipokuja, jicho la pili nalo lilikuwa limeshakufa.

Muhula uliofuata niligundua kosa langu: nilipima kwenye ramani ya Kenya, nikasoma skeli ya ukurasa wa Afrika Mashariki. Umbali wa kweli ulikuwa nusu ya ule nilioupigia hesabu. Sikumwambia mtu. Nilijifariji kwamba Aabo hakujua.

Alijua. Nimelielewa hilo nikiwa mzee: mtu aliyepima kivuli miaka yote ile hakuwa na shaka na nyayo zake. Alichagua kuniamini mbele ya watu, na hesabu yangu ilipoanguka, akasimama chini yake ili isiniangukie. Sijaona mwanamume mwingine wa namna ile.

Ayeyo alikuwa akiwaambia wageni, "Mwanangu huyu aliuza macho yangu kwa kikombe cha chai." Aabo alicheka nao, akamshika mkono, akampeleka kisimani. Mimi nilikaa palepale nikinywa maziwa. Ayeyo alizikwa akiamini mwanawe ni mvivu. Nilibeba upande mmoja wa jeneza, Aabo akabeba mwingine, na hata siku hiyo sikufungua mdomo.