Ramani za Bohumil na Kaburi la Jitka

Ilikuwa mwaka 2011. La, nasema uongo, ilikuwa 2012, maana maji yalikwisha jaa kwenye lile shimo la makaa ya mawe, likawa ziwa, na watu walikuwa wameanza kuja kuogelea.

Bohumil Kratina alikuwa fundi wa tramu mstaafu. Kuta za nyumba yake hazikuonekana kwa wingi wa ramani za kale za miji ya Bohemia: Plzeň, Tábor, Kutná Hora, zile zilizochorwa kwa mkono enzi za kaizari, nyumba za mawe zimepakwa rangi ya waridi, za mbao manjano. Majirani walidhani ana wazimu wa miji. Kumbe alikuwa akiutafuta mmoja tu. Hiyo mingine ilikuwa ya kubadilishana.

Mji huo ni Hornov, kwao, ambao serikali iliubomoa wote ili ichimbe makaa ya mawe chini yake. Kilichonusurika ni kanisa. Liliwekwa juu ya reli, likasukumwa polepole hadi ng'ambo, penye ardhi ngumu. Makaburi yenye mawe yalihamishwa. Ya watoto wachanga, ambayo misalaba yake ya mbao ilikwisha oza, yaliachwa. Na huko ndiko alikolala Jitka, mtoto pekee wa Bohumil na mkewe Libuše. Aliishi majuma matatu.

Kila Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, watu huenda kuwasha mishumaa makaburini. Libuše aliwasha wake dirishani, na Bohumil hakuweza kulitazama dirisha lile. Akazunguka masoko ya vitu vikuukuu miaka na miaka, mpaka mzee mmoja akakubali kumpa ramani ya Hornov kwa Plzeň na Tábor pamoja. Akainakili kwenye karatasi nyembamba, akaitandaza juu ya ramani mpya, kanisa juu ya kanisa. Ndivyo walivyo watu wa Hornov: hata njia ya kwenda kwa kinyozi watakuelekeza kuanzia kanisani. Makaburi yakaangukia kilimani, kwenye kijimsitu cha miti yenye magome meupe.

Siku ile alilia kwa furaha. Tangu hapo mshumaa ukawa unawashwa kule, na Libuše akibeba mikate ya mbegu za popi, wakikaa chini na kula kama wageni wa binti yao.

Mwaka huo ninaousema, rafiki yake wa utotoni, Vlastimil, alikuja kumtembelea, akamwita kwa jina lao la utotoni.

"We Bohouš, umenunua mji mwingine? Ukifa, wewe tutakuzika umekunjwa kama ramani!"

"Kunywa bia yako. Njoo nikuonyeshe alipo Jitka, kwenye ramani ya mwaka huu."

Vlastimil akavaa miwani, akainama huku akicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Bwana wee. Kanisa hili si lilihama?"

"Nani asiyejua kwamba lilihama?"

"Sasa mbona umelilaza la zamani juu ya la leo? Si tulikuwa wote pale, tunakula soseji, tunalitazama linavyojikokota? Wewe ndiye uliyesema linakwenda kama mama mkwe wako!"

Bohumil akaishika ile karatasi nyembamba kwa vidole viwili, akaivuta mpaka kanisa likarudi lilikokuwa zamani. Makaburi yakaondoka kilimani, yakateremka, yakasimama katikati ya rangi ya buluu. Ziwani.

"Nisamehe, ndugu yangu," Vlastimil alisema. "Mdomo wangu huu." Akachukua koti lake, akaiacha bia nusu.

Libuše alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga.

"Umesikia, mama Jitka?"

"Nimesikia."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulikuwa na furaha sana, baba. Ningeanzia wapi? Nikasema moyoni, heri mti kuliko shimo."

Novemba ilipofika, Libuše alitia mshumaa mfukoni, akafunga kitambaa kichwani, akamsubiri. Bohumil hakuinuka kitini.

"Twende, baba Jitka. Giza litatukuta njiani."



"Miaka yote ile, mama, tulikuwa tunamwashia nani?"