Mlango wa kushoto wa gari la baba mkwe

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa heshima zote natangaza kwamba mlango wa gari la baba mkwe umepona.

Jana niliazima gari lake kwenda Masanze. Njiani nikapita katikati ya kundi la ng'ombe. Kufika nyumbani, mlango wa kushoto una mkwaruzo mrefu. Pembe ya ng'ombe hiyo, nikajua.

Mzee akijua, gari silishiki tena, na Jumamosi tumepanga kwenda nalo Mikumi.

Mke wangu hakunisema. (Hapo ndipo nilipoogopa.)

Leo asubuhi kanunua kichupa cha rangi, kapiga msasa wa maji taratibu, kisha kadondosha rangi kwa njiti ya kiberiti, tone kwa tone, kila moja likauke kwanza.

"Baba Neema, sogea, unanitimulia vumbi."

Nikasogea. Jamani, huyu mwanamke ana mkono. Alama huioni hata ukiinama.

Saa kumi mzee huyu hapa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akapapasa mlango. Nikafungua mdomo niungame.

"Nani kauondoa mkwaruzo wangu wa geti la kanisani? Tangu mwaka juzi mama yenu ananisimanga nao."



Ng'ombe hawakuligusa lile gari.