Kipimajoto cha Wifi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, amelea vifaranga miaka ishirini na mitatu, na ukimuuliza banda lina nyuzi ngapi atakuambia, "Subiri niwaulize wenyewe." Halafu anachungulia. Wakisongamana chini ya taa ya joto, wanaona baridi. Wakijibanza ukutani mbali na taa, midomo wazi, joto limewazidi. Wakitawanyika, huyu anakula, yule amelala, mambo shwari. Shambani tunamwita Bibi Vifaranga. Mimi nipo chumba cha pili napanga mayai kwenye trei, kwa hiyo haya sikuhadithiwa, nimeyaona.

Tena si vifaranga tu. Msimu wa joto, mabati yakiwaka, sisi wengine kazi yetu kujipepea na kulalamika. Yeye yuko na kuku wakubwa. "Kuku hatoki jasho, wifi," aliniambia siku moja nilipotaka kuwapa chakula saa sita mchana. "Anahema tu, ndiyo jasho lake. Ona anavyonyanyua mbawa upepo umpite kwapani. Sasa ukimshibisha saa hizi, tumbo nalo linawasha jiko lake." Akaninyang'anya ndoo. Nilinuna kutwa nzima, maana mimi na kusahihishwa hatupatani hata kidogo. Tukawalisha alfajiri na jioni, na msimu ule hatukuokota mzoga hata mmoja.

Basi akaja meneja mpya. Kijana nadhifu, viatu vinameta, hana ubaya ila anajua kila kitu. Akafunga kipimajoto cha umeme chenye tarakimu nyekundu, akamwita wifi mbele yetu sote.

"Mama, umetumika vya kutosha. Jumatano vifaranga elfu moja wanaingia. Wapokee, halafu Ijumaa ukapumzike nyumbani moja kwa moja. Joto sasa tutasoma hapa."

Jamani! Nilitamani kumrushia trei na mayai yake. Wifi alisema tu, "Sawa, baba," akaenda kumwaga maranda ya mbao sakafuni. Lakini nilimwona akiyasambaza mahali palepale mara tatu. Mumewe alishafariki, watoto wake wana miji yao. Yale mabanda ndiyo nyumba yake, na mimi roho iliniuma.

Alhamisi kukapambazuka na baridi ya kukata masikio. Kuku wakubwa walikuwa wametutumua manyoya mpaka wakawa mipira, wengi wamesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine wameuficha tumboni. Wao wana koti lao. Kifaranga wa siku moja mbili ana vinyoya laini tu. Damu yake ni ya moto kama yetu, lakini mwili bado haujui kuutunza ule moto. Kabla sijafika mlangoni nilisikia kelele, ile sauti kali ya kulia, si ya kucheza. Tukaingia. Wamerundikana kona moja, wanapandana.

"Taa zishushwe," wifi akasema.

Meneja akaonyesha ukutani. "Thelathini na tatu. Sawasawa kabisa. Ukigusa taa, mama, usingoje Ijumaa. Unaondoka leo."

Wifi akamtazama, akalitazama lile rundo. Akakunja mikono ya gauni, akapita huku anaburuza miguu asimkanyage mtu, hivyo ndivyo anavyosema, "mtu". Akafungua mnyororo wa taa ya kwanza, akaishusha. Ya pili. Ya tatu. Kisha akainama kulitawanya rundo kwa mikono. Chini kabisa walikuwamo kumi na mmoja waliokwisha kubanwa wakafa. Akawaweka kwenye aproni, machozi yanamtiririka.

"Haya, nimeondoka, baba," akasema. "Ila kwanza lala chini."

"Nini?"

"Lala. Shavu kwenye maranda. Wao wanaishi huku, hawaishi pale ulipotundika chombo chako."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Sijui ni yale machozi au ni ile aproni nzito, lakini meneja na shati lake jeupe alipiga magoti, akalala. Upepo wa chini ya mlango ukampiga usoni, nikamwona anajikunyata. Alikuwa amekifunga kipimajoto usawa wa macho yake ili asipate shida ya kuinama, na joto, kama mjuavyo, hupanda juu.

Akabaki palepale. Taratibu kelele zikapungua. Vifaranga wakaanza kusambaa chini ya taa, na wale waliokuwa karibu naye wakamgundua. Mmoja akajipenyeza shingoni. Watatu wakaingia kwapani. Wengine wakajipanga ubavuni, macho yanafumba.

"Mama," akanong'ona, hathubutu hata kuinua kichwa, "sasa nifanyeje?"

"Usitikisike," wifi akamwambia. "Leo na wewe ni taa."

Alilala pale karibu nusu saa. Ijumaa wifi akaja kazini kama kawaida, na wala hakuna aliyemuuliza. Kipimajoto kipo hadi leo. Amekitundika yeye mwenyewe, chini, usawa wa mgongo wa kifaranga. Kila asubuhi meneja hupiga magoti kukisoma, na kabla hajaandika namba humgeukia wifi na kumuuliza, "Wenyewe wanasemaje, mama?"