Ganda Halitaki Mafuta Mengi

Jumapili ile asubuhi nilikuwa nimeshaamua: nikishindwa kutayarisha maganda yangu ya risasi, nauza bunduki na klabu ya shabaha naiaga. Miaka ishirini nalala kifudifudi kwenye nyasi za Waingereza nikilenga karatasi, tena nalenga vizuri, sijisifu. Kidole cha kufyatulia hakina neno hata leo. Kiwiko cha kulia ndicho kilichoingiwa na baridi yabisi kikaniasi.

Ganda la shaba likishapigwa hufura. Ukitaka kulijaza tena, sharti ulipake mafuta, ulisukume ndani ya kalibu ya chuma kwa mpini wa mashine, lirudi kipimo chake. Mashine yenyewe nimeifunga mwisho wa meza ya jikoni, hapa kwetu Ilford, na mke wangu, Mzanzibari asiyenyamazia jambo, hajawahi kuisamehe.

Nikavuta ganda la kwanza. La pili nikaona nyota. La tatu likagoma katikati, nikabaki nimening'inia kwenye mpini mzima mzima.

"Hebu n'ondokee hapo, baba watoto," mke wangu akasema, anafuta mikono kwenye kanga. "Mie niliyekuna nazi umri wote huu nishindwe na kichuma hiki?"

Lo! Mpini ulishuka kama si kitu. Ganda baada ya ganda, mimi napanga, roho inaanza kuchangamka. Mpaka nilipotazama vizuri: maganda yote yamebonyea mabegani, pale yanapoanza kuwa membamba. Kumbe alikuwa akiyachovya mpaka yanachuruzika, na mafuta yakizidi ndani ya kalibu hayana pa kwenda, yanaibonyeza shaba.

"Unapaka ganda au unakaanga sambusa?" nikafoka. "Kumi na mawili umeshayaharibu!"

"Kwetu mafuta hayapimwi kwa ncha ya kidole. Huo ni uchoyo." Akauachia mpini. "Haya, vuta weye basi, na mkono wako huo."

Maneno yaliniingia. Nikayageuzageuza maganda yaliyobonyea. Yeye akarudi kwenye sinki kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi tangu mwanzo. Ningeweza kuinuka, nikafungua skrubu za mashine, mambo yakaisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Hata methali nilishajiandalia.

"Mama watoto," nikasema, "nisaidie. Peke yangu siwezi tena."

Miaka thelathini na minane ya ndoa, sikumbuki kama niliwahi kumwambia hivyo. Hakugeuka mara moja.

"Nionyeshe yanavyopakwa," akasema.

Nikamwonyesha: vidole viwili, unapitisha tu, shaba ing'ae kidogo. "Ee Mola, ubahili huu!" akacheka, lakini akafuata. Ganda likatoka limenyooka, likazama kwenye tundu la kipimo bila kusukumwa. Tukafanya mia moja, mimi napaka, yeye anavuta, ananikoromea kila nikichelewa. Nilifurahi, sisemi uongo, furaha ya kitoto kabisa.

Jumamosi, uwanjani, mwenzangu mmoja wa klabu akaniuliza kama kiwiko kimepona.

"Hakijapona," nikamjibu, nikamwonyesha mke wangu aliyekaa nyuma ya kamba, kajitanda kanga juu ya koti. "Nimekuja na mkono mwingine."