Aliandika Alichosikia

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilivuka ziwa kwa kivuko hadi Kamanga, nikiwa na sanduku la bati, barua ya kupangiwa kituo, na shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa hadi kola ikasimama yenyewe. Shule ilikuwa mwendo mfupi kutoka gatini, vyumba vichache vya matofali ya kuchoma vilivyotazama maji. Chuoni nilikuwa nimefanya vizuri sana katika hisabati, na njia nzima nilijiona niko mbele ya darasa la saba, nikigawanya desimali.

Mwalimu Mkuu alikuwa mzee mrefu aliyezungumza kwa sauti ya chini hata alipokasirika. Alisoma barua yangu, akaikunja.

"Chuoni ulipenda kufundisha nini?"

"Hisabati, mwalimu. Madarasa ya juu."

"Vizuri sana. Chukua la kwanza."

Nilidhani hakunisikia, nikarudia. Akanitazama.

"Nimekusikia, kijana. Ukuta ukipinda chini, fundi wa bati utamlaumu bure. Mtu anayejua hesabu ndiye ninayemtaka kule chini."

Ofisini walimu wenzangu walicheka mpaka chai ikawapalia. Enzi zile darasa la kwanza lilionekana kazi ya akina mama. "Karibu, Mwalimu Yaya," mmoja akaniambia. "Umekuja na nepi, au tukuazime?" Jina hilo lilinishika. Mwanzoni lilinichoma, baadaye nikalizoea, na leo wazee wenzangu wakiniita hivyo naitika kwa fahari, kwa sababu maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza katika madarasa ya chini, na sijaona kazi kubwa kuliko hiyo.

Nayaandika haya kwa ajili ya wazazi vijana wanaonizunguka nje ya kanisa baada ya ibada, na swali lao ni moja: mtoto wangu ameanza shule, nitegemee nini?

Tegemeeni kilio, kwanza kabisa. Pale Kamanga, asubuhi ya kwanza, watoto walilia kwa zamu. Mmoja akinyamaza, mwenzake anapokea. Mmoja alishika mlango kwa mikono miwili akakataa kuuachia hadi kengele ya mapumziko. Niliwasalimu kwa Kiswahili, wakanikodolea macho. Nikawasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" na darasa zima likaitika kwa sauti moja kama kwaya. Hapo nikajifunza kwamba mtoto haji shuleni mtupu. Anakuja na lugha ya mama yake, na nyimbo, na hesabu za mbuzi wa nyumbani. Kazi ya mwalimu ni kuanzia pale alipo.

Kilio huisha. Baada yake huja penseli zinazopotea, daftari lililolowa, kiatu kimoja kilichorudi bila mwenzake, na mtoto anayesinzia kabla ya chakula cha mchana kwa sababu usiku alichelewa kulala. Msimpige kwa hayo. Mlazeni mapema, mpeni uji, mmwulize leo ameimba nini. Mkimwuliza "umejifunza nini" atasema "hakuna". Mkimwuliza wimbo, atawaonyesha somo zima.

Ualimu wa madarasa ya chini una maneno yake. Tunasema KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuhesabu tulianza na zana, vitu vya kushika mkononi: visoda, kokoto, vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Mtoto ashike kumi kwanza, ndipo aiandike. Kuandika tulianza mchangani kwa kidole, mistari na miduara, mpaka mkono ukomae kushika penseli. Na kusoma tulianza na sauti. Kwanza irabu, kisha konsonanti zikaungana nazo kufanya silabi: ba, be, bi, bo, bu. Herufi ni picha ya sauti. Mtoto asiyesikia sauti ataikariri picha tu, na picha aliyoikariri itamtoka.

Kukariri kunadanganya wakubwa. Nilihamishiwa Buzuruga, na huko nikawa chini ya Mratibu Elimu wa Kata, mama mnene mcheshi aliyependa kuingia madarasani bila taarifa. Siku moja mtoto alimsomea ukurasa mzima bila kukwama. Mratibu akamshukuru, akakigeuza kitabu juu chini, akamrudishia. Mtoto akausoma tena ukurasa wote, tena kwa madaha zaidi. Mratibu alicheka hadi akafuta machozi kwa khanga, kisha akanivuta pembeni. "Mwalimu, huyu ana kumbukumbu ya malaika. Sasa umfundishe kusoma."

Hilo nililibeba hadi Igoma, kituo changu cha mwisho, na huko ndiko nilikomkuta Milembe.

Milembe alikuwa mtoto mdogo wa umbo, mkimya, binti wa fundi seremala mwenye karakana kando ya barabara ya Musoma. Nyumbani kwao walizungumza Kisukuma, na Kiswahili kilikuwa cha wateja. Muhula wa kwanza hakusema karibu neno darasani. Wazazi, tegemeeni hilo pia. Ukimya wa mtoto anayejifunza lugha ya pili si ujinga, anakusanya. Mimi nilimwona akikusanya. Midomo yake ilikuwa ikicheza kila niliposema.

Tatizo likaja kwenye imla. Imla ni zoezi ambalo mwalimu anatamka neno na mtoto analiandika. Katikati ya muhula wa pili madarasa yote ya chini yalifanya imla ya pamoja, ikasahihishwa na mwalimu wa darasa jingine. Milembe alikosa karibu maneno yote. Mwalimu Mkuu wa pale Igoma, mama mwenye msimamo, mcha Mungu na asiyependa mchezo, alimwita baba yake.

Baba Milembe alikuja na maranda kwenye nywele. Akanipa "shikamoo, mwalimu", nikaitika, akaketi ukingoni mwa benchi. Mwalimu Mkuu akamweleza kwamba anaona binti arudi darasa la awali, aanze upya mwakani.

"Awali?" Baba Milembe akasema. "Mwalimu, kule alishakaa. Kama akili haijakomaa, basi namlejesha kwa bibi yake huko Sengelema. Kuna mtoto mchanga, akamsaidie kulea. Akikua tutaona."

"Ukimpeleka huko hatarudi," nikamwambia.

"Mwalimu, nisikudanganye. Mtoto wa jilani yangu anasoma kitabu kizima, sauti inafika hadi kwenye kalakana. Wangu akikaa na daftali ananyamaza tu. Mafundi wananicheka. Wananiambia, 'Fundi, kitanda hiki kimekosa mbao.'"

Moyo uliniuma, kwa maana nilijua watoto wangapi wa kike walikwenda "kumsaidia bibi" na benchi zao zikakaliwa na wengine. Lakini niliposikia alivyosema jirani na karakana, nikaanza pia kutabasamu. Nikamwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kumwita mtoto.

Milembe akaja, akapiga goti kidogo kutusalimu, akasimama mbele ya ubao mdogo wa ofisini. Nikampa chaki.

"Leo imla sitoi mimi," nikasema. "Baba Milembe, utatoa wewe. Mtajie neno lolote nitakalokunong'oneza."

"Mimi? Mimi ni mtu wa landa, mwalimu!"

"Ndiyo. Taja kama unavyosema nyumbani."

Nikamnong'oneza: rangi. Baba Milembe akakohoa, akajinyoosha kama anasoma risala.

"Langi!"

Milembe akaandika, bila haraka, herufi zimesimama wima: *langi*.

Nikamnong'oneza: barua. "Balua!" akatangaza. Milembe akaandika *balua*. Nikamnong'oneza: rafiki. "Lafiki!" Akaandika *lafiki*, akarudi nyuma hatua moja kuikagua kazi yake.

"Umeona?" Mwalimu Mkuu akasema. "Makosa matatu kati ya matatu."

Baba Milembe akasimama. Alikuwa amesahau kabisa alichokuja kufanya.

"Amekosea wapi, mwalimu? Mimi nimesema langi, ameandika langi. Nimesema balua, hiyo hapo balua! Msimwonee mtoto!"

Mwalimu Mkuu alinitazama, kisha akautazama ubao, kisha akainama akashika midomo yake. Mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nikashindwa kujizuia, na Baba Milembe, ambaye bado hakujua tunacheka nini, akacheka nasi.

Nikamweleza taratibu. Kisukuma hakina sauti ya r. Ulimi wa Msukuma ukikutana nayo huiweka l, na hilo si dhambi. Maneno ya imla ile karibu yote yalikuwa na r, na binti yake hakukosea. Mwalimu aliposema rangi, yeye alisikia neno analolijua, neno la baba yake, akaliandika sauti kwa sauti, bila kuruka hata moja.

"Baba Milembe," nikasema, "huyo mtoto mwingine anayesoma kwa sauti, sitamsema, Mungu amjalie. Lakini huyu wako ndiye anayejua maandishi ni kitu gani. Imebaki sauti moja tu."

Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kupangusa macho. Alikuwa mtu wa haki. "Abaki la kwanza," akasema. "Na wewe, Mwalimu, hiyo sauti moja naitaka kabla ya likizo."

Baba Milembe akampangusa binti yake vumbi la chaki vidoleni. "Basi bibi atafute mtu mwingine," akasema.

Sauti ya r tuliifundisha kwa pikipiki. Igoma bodaboda hazikosekani, kila mtoto anaujua mlio wake. Niliwasimamisha wote, wakashika usukani wa hewani, wakawasha moto: rrrrr! Milembe ulimi wake uligoma kwa siku nyingi. Pikipiki yake ililia *lllll*, na wenzake wakamtania kwamba imeishiwa mafuta. Hakulia. Aliwasha tena. Asubuhi moja, katikati ya kelele zile, nilisikia mlio mwembamba, safi, nikageuka, na alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono kama mtu aliyeshtuka kwa sauti yake mwenyewe. Nilitoka nje nikamshukuru Mungu pale ukutani. Walimu wa madarasa ya juu hupata zawadi siku ya matokeo. Sisi wa chini hupata sauti moja, asubuhi moja, na hakuna anayeandika kwenye magazeti.

Kabla ya likizo Milembe alirudia imla mbele ya Mwalimu Mkuu. Hakukosa neno.

Wazazi wangu, msilinganishe watoto. Mahindi ya shamba moja, yaliyopandwa asubuhi moja, hayachanui siku moja, na Mungu haoni aibu kwa hilo. Mtoto akigeuza herufi, akiandika b kama d, mpeni muda, ni kawaida ya miaka hii ya mwanzo. Akikosea, msiulize kwanza amekosa mangapi. Ulizeni amekosaje. Kosa la mtoto lina sababu yake, na mara nyingi hiyo sababu ni akili inayofanya kazi. Na mkiitwa shuleni, nendeni, hata kama mna maranda kwenye nywele.

Nimestaafu sasa. Nalima bustani ndogo ya mchicha, nasoma neno la Mungu asubuhi na jioni, na namshukuru kwa Mwalimu Mkuu yule wa Kamanga aliyeninyima darasa la saba.

Muda mfupi kabla sijaondoka Igoma, Baba Milembe alinifuata shuleni. Karakana yake ilikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe: VITANDA NA MILANGO IMALA.

"Mwalimu, binti yako amenisahihisha mbele ya wateja," akasema. "Anasema kibao kina kosa. Nimekuja kuuliza kabla sijanunua langi."

"Yuko sahihi," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, uso umejaa tabasamu. "Basi atashika blashi mwenyewe."

Nilikwenda kushuhudia. Baba alikuwa amekwisha kuifuta ile L. Milembe alipanda juu ya kigoda, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, akaichora R kubwa kuliko herufi nyingine zote, imeinama kidogo kama inataka kukimbia. Mafundi walisimamisha randa zao wakamtazama. Mmoja akasema, "Fundi, imepinda hiyo, ngoja tukunyooshee."

"Iacheni," Baba Milembe akasema. "Hiyo haiguswi."