Mashine Isiyo na Watani

Nilikuwa nimeshafunga begi. Kukaa Ipuli kwa dada yangu wiki moja kulitosha kuniwasha miguu. Ndivyo nilivyo tangu nimalize kidato cha nne. Natengeneza cherehani, kazi inayoniruhusu kushuka kituo chochote cha reli ya kati, nikalala, nikaondoka kabla watu hawajanizoea. Siku ile nilitaka kupanda treni ya Kigoma. Dada alikuwa Urambo kwenye masoko ya tumbaku. Mwanawe wa kike, naye akiwa kidato cha nne, alirudi kutoka shule asubuhi bado mapema, akasimama mlangoni na kunizibia njia.

"Mjomba, usiondoke kwanza. Mkuu wa shule anataka mzazi."

"Umefanya nini?"

"Mnemba amenishtaki."

Mnemba ndilo jina walilompa mwalimu wa akili mnemba aliyemo ndani ya vishikwambi. Shule yao haina mwalimu wa fizikia. Yule wa mwisho alihamishwa, na nafasi yake ikabaki kiti kitupu. Mradi mmoja ukaleta vishikwambi vichache, wanafunzi wakawa wanakaa watatu watatu. Kila mmoja anaingia kwa jina lake, anauliza, naye Mnemba anaeleza, anarudia, hagombi. Mpwa wangu anataka uuguzi, na bila kufaulu fizikia chuo hakimpokei. Mtihani wa moko ulikuwa mlangoni, na ule wa taifa nyuma yake. Asubuhi hiyo jina lake lilikuwa limefungwa.

Njiani alinieleza. Anakaa na rafiki yake, Mgogo, binti wa mfanyakazi wa reli. Jana yake Mgogo yule alikawia kwenye kishikwambi mpaka zamu ya mwenzake ikakaribia kwisha. Mpwa wangu alipokipata, badala ya kuuliza habari za umeme, akaandika: "Huyu Mgogo namuua leo. Msimlilie. Namzika mwenyewe na viatu vyake navaa mimi." Rafiki yake alisoma begani kwake, akacheka mpaka akakohoa.

Mnemba hakucheka. Aliacha somo, akamwambia kwa upole azungumze na mtu mzima anayemwamini, kisha akapeleka taarifa kwa mkuu wa shule na kwa wenye mradi.

Nilitembea haraka kuliko yeye. Nilikuwa nawaza darasa letu la zamani. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mgogo. Akiingia anasema, "Wapagazi, tueni mizigo," nasi tunaitikia, "Maji tumeshalipa, mwalimu!" Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa kwenda Pwani, wakapita Ugogo, wakadaiwa hongo, ushuru wa njia, kwa kila kisima. Wakagombana, wakapatana, wakabaki watani. Baba yangu alipofariki mwalimu yule alishuka kaburini na suruali yake ya shule, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana Mnyamwezi huyu amekufa na deni la maji. Mama yangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu juzi yake, akacheka. Kisha ndiyo akalia vizuri.

Ofisini nilimwamkia mkuu wa shule, mama mtu mzima aliyetoka upande wa ziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu. Mimi mwenyewe najua ni utani. Hawa wawili wanakula sahani moja. Lakini taarifa imeshatoka hapa, na mimi siwezi kuirudisha."

Mlango ukafunguka, akaingia baba wa yule binti akiwa na sare yake ya reli. Alinitazama juu mpaka chini.

"Huyu ndiye mjomba wa muuaji?"

"Ndiye," nikasema. "Nimekuja kupima urefu wa marehemu."

"Kaburi utachimba na nini, mpagazi wewe? Hata jembe mliazima kwetu."

"Tutachimba na meno. Nyie kaeni hapo kisimani mdai hongo, hiyo ndiyo kazi mnayoiweza."

"Na viatu utavaa wewe? Mguu wenyewe umepanuka kwa kubeba mizigo ya watu!"

Karani alichungulia. Mkuu wa shule akainuka, akafunika kwa viganja kishikwambi kilichokuwa mezani.

"Jamani! Kitu kiko wazi hiki, kinasikia!"

Tukanyamaza. Watu wazima watatu, tumekitazama kile kioo kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Sijawahi kunyamazishwa hivyo hata na polisi.

Mwalimu wa taaluma, kijana aliyevutwa na kelele zetu, akaingia, akakichukua na kukiuliza utani wa Wanyamwezi na Wagogo ni nini. Kikaeleza. Kilitaja misafara, maji, misiba, kikasema watani hutishiana kifo na hakuna anayekasirika. Kilieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi.

"Si unajua sasa!" baba wa binti akakipigia kelele. "Mfungulie mtoto!"

Kikajibu kwamba hakina mamlaka ya kufungua jina. Hilo ni la wasimamizi wa mradi.

Mwalimu akapiga simu Dar es Salaam. Msimamizi alicheka, akasema mama yake ni Mzaramo, hivyo hata yeye ni mtani wangu. Kisha sauti yake ikabadilika. Atafungua, alisema, ila binti aahidi kutotumia tena maneno ya namna ile kwenye kifaa, wala kuyasema karibu yake kikiwa wazi.

Mpwa wangu akaitwa.

"Hata kuyasema tu?" akauliza.

"Hata kuyasema," akajibu mwalimu.

Alikunja pindo la sketi yake, akalikunjua. Nilitaka akatae. Mimi nimeacha kazi na miji kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na nilisubiri nione kama damu ile ya kuondoka imemfikia na yeye.

"Nimekubali," akasema. "Nataka fizikia."

Jina lilifunguliwa kabla kipindi hakijaisha. Mimi na baba wa binti tulipita kwenye dirisha la darasa lao. Walikuwa wameinamia kishikwambi, mwenzao wa tatu amekaa katikati.

"Samahani, umemaliza?" akauliza Mgogo.

"Bado kidogo, tafadhali," akajibu mpwa wangu.

Nimetukanwa vituo vyote vya reli hii, lakini hilo "tafadhali" lilinikaa vibaya kifuani.

"Mtani," baba wa binti akaninong'oneza, "hawa wamefiwa?"

Alikwenda zamu yake, nami nikabaki kivulini mwa ukuta, nikikaa, nikisimama, nikikaa tena.

Kengele ililia. Vishikwambi vikakusanywa na kufungiwa kabatini. Mpwa wangu alitoka na rafiki yake, akafungua mdomo, akageuka kulitazama kabati kupitia mlangoni, akaufunga. Walitembea kimya, wakapita mlingoti wa bendera, wakapita goli la uwanjani. Huko ndipo niliona Mgogo akimsukuma bega, na mpwa wangu akianza kuonyesha kwa mikono urefu wa kaburi. Maneno hayakunifikia. Nilisikia kicheko tu, nikawafuata mbio, nikitaka kukikuta kabla hakijaisha.