Swali Nililompa Adela

Juzi nilimwona Adela, rafiki yangu wa utotoni, kwenye runinga. Siku hizi ni Daktari Adela, anafundisha chuo kikuu habari za rada na mvua. Alisema kazi yake ilianza na swali aliloliuliza utotoni. Nilifoka hadi mtoto niliyekuwa namnyonyesha akaanza kulia. Swali lile lilikuwa langu!

Mchana mmoja, tukiwa bado shule ya msingi, mimi na Adela tulipanda kilima cha juu ya Pasiansi, hapa Mwanza, kuangalia tufe kubwa jeupe lililokaa juu ya mnara. Upepo wa ziwani ulinuka mvua. Mimi nilinuka dagaa, maana nilitoka kuanika na mama. Niliamini kabisa kwamba tufe lile ni tangi, na mvua yote ya Mwanza inalala humo.

Fundi wa mnara ule alipotoka getini, nikamnong'oneza Adela, "Muulize mvua inaingiaje humo."

"Si uulize wewe?"

"Nanuka, bwana."

Adela, mtoto wa mwalimu, soksi nyeupe, akasogea. "Shikamoo mjomba. Mvua inaingiaje humo?"

Fundi alicheka sana. Akaeleza kwamba humo hamna maji. Ile ni rada: inatuma mawimbi, yanagonga matone ya mvua kule mbali, yanarudi na habari. Kisha akamshika Adela kichwani. "Huyu atafika mbali." Mimi hakuniangalia.

Na kweli kafika. Namwonea wivu, sifichi. Mimi niliishia kidato cha nne, na dagaa bado naanika.

Jana kliniki binti yangu mkubwa alinivuta gauni. "Mama, muulize nesi ile mashine inaonaje ndani ya tumbo."

Nikamsukuma mbele, na harufu yake ya dagaa. "Uliza mwenyewe. Kwa sauti."